Sahani Baada ya Sahani: Meza za Kifahari za Mombasa

Katika hoteli kubwa za himaya ya Waingereza, kuanzia London hadi Bombay, orodha ya chakula cha jioni iliandikwa kwa Kifaransa. Mzungu aliyeteremka katika bandari ya Kilindini, Mombasa, hakutarajia vingine. Auguste Escoffier, mpishi Mfaransa aliyejipatia sifa katika hoteli za Savoy na Carlton mjini London, alichapisha kitabu chake kikubwa cha mapishi mwaka 1903, na jikoni za hoteli zikakifanya sheria: supu kwanza, kisha samaki, kisha nyama, kisha kitamutamu, kila sahani ikiondolewa kabla nyingine haijaletwa.

Utaratibu huo ulikuwa mgeni hata kwa Wafaransa wenyewe. Hadi karne ya 19 matajiri wa Paris waliandaliwa vyakula vingi kwa pamoja, meza ikajaa, kila mtu akatwaa kilicho karibu naye. Mtindo wa sahani kufuatana waliuchukua kwa Warusi. Kwa hiyo mgeni wa Mombasa aliyeketi mkekani mbele ya sinia, kitoweo, achari na kachumbari vikiwa tayari, alikula kwa mpango ambao mabwana wa Ufaransa wa zamani wangeutambua mara moja.

Siku hizi mikahawa ya kifahari ya Kifaransa husifiwa kwa kuonjesha dunia nzima katika sahani ndogo ndogo: tone la Japani, chembe ya Moroko, pilipili ya Peru. Pwani yetu ilianza zamani kuonja dunia. Msafiri Ibn Battuta alipopita mwaka 1331, huko Mogadishu alipakuliwa wali wa samli wenye vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa mgando yaliyofuatana na achari ya ndimu, tangawizi mbichi na embe. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Aliandika kwamba chakula kikubwa cha wenyeji ni ndizi na samaki, na nafaka huletwa kutoka nje ya kisiwa. Aprili 1498 Vasco da Gama alipotia nanga nje ya mji, mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Muda si mrefu Duarte Barbosa, Mreno mwingine, akataja mchele, mtama, makomamanga, na machungwa matamu na makali.

Wareno hao waliharibu mji zaidi ya mara moja, lakini katika zama zao mazao ya Amerika yaliota mizizi pwani: muhogo, mahindi, nanasi, korosho, na pilipili kali. Muhogo wa kukaanga unaouzwa chini ya mibuyu ya ufukwe wa Mama Ngina, ukapasuliwa na kutiwa ndimu, chumvi na pilipili ya unga, umebeba mabara matatu kwenye karatasi moja.

Mkono wa Ufaransa ulifika jikoni kwetu kabla ya mikahawa yake, na ulifika kupitia visiwa. Mwaka 1770, kwa juhudi za Pierre Poivre, miche ya karafuu iliyotoroshwa kutoka Maluku ilifikishwa Île de France, ndiyo Mauritius ya leo. Ikaenea Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Karafuu ya pilau yetu ilipitia huko. Lakini mashamba yale yalihitaji watu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, alitia saini mkataba uliomtaka Sultani wa Kilwa amuuzie watumwa 1,000 kila mwaka. Sipendi historia ya vyakula inayoruka ukurasa huo, kwa sababu anasa ya meza moja imelipiwa na miili ya watu wengine. Mwaka 1841, kisiwani Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 aliyeitwa Edmond aligundua namna nyepesi ya kuchavusha ua la vanila kwa mkono. Kilimo cha vanila cha Réunion, Madagaska na Komoro kilisimama juu ya ujuzi wake. Alipopata uhuru alipewa jina la Albius, akafa maskini mwaka 1880. Vitamutamu vya Paris viliendelea kunukia.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na nyuma yake zikaja hoteli. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliposhuka Aprili 1909 aliandaliwa chakula katika Mombasa Club, karibu na Ngome ya Yesu. Baadaye hoteli za Castle na Manor zikawa meza za wenye nafasi. Upande wa kusini wa kisiwa, ambako Ganjoni na Kizingo hupokea upepo wa bahari kuu, hoteli ya Oceanic ilisimama mwanzoni mwa miaka ya 1950, kazi ya msanifu majengo Mjerumani Ernst May. Mwafrika aliingia katika majumba hayo kupitia mlango wa jikoni.

Na jikoni ndiko historia ilikofanyika. Wagoa waliotoka koloni la Ureno, pamoja na vijana wa hapa pwani na wa bara, walijifunza mchuzi mweupe wa siagi na unga, supu iliyochujwa, samaki aliyetolewa miiba. Orodha iliyochapwa ilitaja kila kitu isipokuwa majina yao.

Huku Mji wa Kale mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mkahawa wa Recoda, ulioanza mwaka 1942, uliuza chakula cha Kiswahili kwa watu wa mji bila kitambaa cheupe. Wala tusidhani mpangilio haukuwepo. Mtazame Mmombasa wakati wa Ramadhani: tende na maji, kaimati na sambusa, kisha swala ya Magharibi; halafu samaki wa kupaka, mbaazi za nazi, mkate wa mofa, tambi; kahawa tungu baada ya Tarawehe; daku kabla ya alfajiri. Huo ni mfuatano ulioratibiwa na jua na ibada, na una subira ambayo mkahawa wowote ungeitamani.

Baada ya uhuru meza zilifunguka kwa yeyote mwenye fedha. Nairobi ilikuwa na Alan Bobbe's Bistro, mkahawa wa Kifaransa, tangu 1962. Mombasa, mkahawa wa Tamarind ulijengwa Nyali katika miaka ya 1970, ukitazamana na Bandari ya Kale, na baadaye Diani wageni wakaanza kula ndani ya pango la matumbawe la Ali Barbour's. Ufaransa kwenyewe, mwaka 1973, waandishi Henri Gault na Christian Millau walitangaza mapishi mapya: mchuzi mwepesi, sahani ndogo, kiungo kibichi cha siku hiyo. Wapishi wao walikuwa wamealikwa Osaka na Shizuo Tsuji, na huko walijionea mlo wa Kijapani wa sahani nyingi ndogo, uitwao kaiseki. Hapo mpishi akawa msanii anayetajwa kwa jina, na wateja wakasafiri kumfuata.

Wapishi wetu wa harusi, wanaopanga makaa juu ya kifuniko cha sufuria la biriani na kujua kwa harufu kwamba zafarani imeshika, hawakupata heshima hiyo. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa Wafaransa katika turathi za binadamu. Mwaka uliofuata Ngome ya Yesu nayo ikaingia katika orodha ya urithi wa dunia, mawe yake yakiwa na jina la aliyeyachora, Giovanni Battista Cairati. Waliopika Oceanic na Manor katika miaka ya 1950, kama wako hai, ni wazee sana. Watoto wao wako Ganjoni, Majengo, Kisauni na Likoni. Waulizwe sasa: baba alianza kazi mwaka gani, nani alimfundisha, na alipokuwa nyumbani siku ya Idi, yeye mwenyewe alipika nini?