Muyaka kwenye Treni ya Mpanda

Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ina urefu wa kilomita 210 hivi. Ilijengwa kwa sababu ya madini ya risasi, si kwa ajili ya washairi, lakini treni inakwenda taratibu kiasi kwamba unaweza kusoma diwani nzima njiani. Mimi nilimsomea humo Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mnamo 1840. Nilikuwa na kitabu cha Mohamed Abdulaziz cha 1979, nimekinunua Dar kwa muuza vitabu chakavu, jalada limeshabanduka.

Nikiri tu, kurasa za mwanzo zilinishinda. Mimi mwandishi wa habari, nina digrii, Kiswahili ndicho kinanilisha, halafu mtu aliyekufa kabla ya reli ananiacha kituoni! Muyaka alitunga kwa Kimvita. Huko macho ni mato, njia ni ndia, kichwa ni kitwa. Mtu wa Mvita wa zamani akikwambia "ndoo tuteke", usikimbilie kisimani. Anakuita mkacheke.

Muyaka mwenyewe hakuacha kitabu. Mashairi yake ya ugomvi wa Mazrui na Seyyid Said, ya mapenzi, ya mambo ya mtaani, yalibaki midomoni mwa watu. Zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah ndiye aliyeyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Diwani ikaja kuchapishwa na W. Hichens mwaka 1940. Wapi? Johannesburg! Abdulaziz akayarudisha tena 1979, pamoja na tafsiri na maelezo.

Sasa tazama tarehe. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa hiyohiyo ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo diwani ilipotoka, lugha yake ilikuwa imeshahesabiwa lahaja ya pembeni. Kishawishi cha kumnyoosha Muyaka ili wanafunzi wamwelewe ni kikubwa, na ninakielewa. Lakini ukiandika macho mahali pa mato, kina cha -to kimekufa, na shairi limekufa nacho. Robert Burns wa Scotland, kwenye kitabu chake cha kwanza cha 1786, aliacha maneno ya kwao yalivyo, akaweka orodha ya maana mwishoni. Atakayemchapa Muyaka tena afanye hivyo, hata orodha ikiwa ndefu kuliko mashairi.

Nina sababu ya kulishupalia hili. Miaka kadhaa nyuma nilimhoji mzee mmoja huku Katavi, Mbende, Kiswahili chake kimechanganyika na Kibende. Nikanukuu alivyosema. Mhariri wangu akanyoosha kila sentensi, ikatoka safi kabisa. Nilipompelekea mzee gazeti, mjukuu akamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyu anayesema ni nani?"

Nilicheka siku ile. Kwenye treni sikucheka. Daftari la mahojiano yale bado ninalo, na maneno yake yamo humo kama alivyoyatoa. Mengine hata maana yake sikumbuki, na mzee ameshatangulia. Wiki hii ninakwenda kumtafuta yule mjukuu.