Viza ya kwenda kununua haiko viza ya kwenda kufungua duka

Mu Likasi, watu wengi wanaishi kwa muzigo unaotoka ngambo ya mupaka: unga wa mahindi wa Zambia, nguo za Kariakoo, vyombo vya Dubai. Wengine sasa wanafikiri kwenda kukaa kulekule na kufungua biashara. Swali njo hili: wanahitaji viza gani?

Mbele ya kujibu, jiulize unaenda kufanya nini. Mutu anayevuka kununua muzigo na kurudi, na mutu anayetaka kukaa na kuuza kule, sheria inawaona kama watu wawili tofauti. Mwenye kuchanganya hayo mambo mbili anaweza kupoteza feza yote: duka inafungwa, muzigo unabaki, mwenyewe anarudishwa nyumbani.

Zambia: hesabu siku zako

Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 120, na kutoka pale mpaka Kasumbalesa karibu 90. Kwetu, Zambia njo soko ya ngambo iliyo karibu kuliko zote.

Uhamiaji wa Zambia unafuata sheria namba 18 ya mwaka 2010. Mugeni aliyeingia kwa shuguli za biashara anapewa siku 30 ndani ya miezi 12. Angalia vizuri: ni siku 30 kwa mwaka muzima, haiko siku 30 kwa kila safari. Mwenye kuvuka kila juma anaweza kuzimaliza bila kujua. Kama unahitaji siku zaidi, unaomba ruhusa ya muda.

Kwa mwenye kutaka kufungua kampuni yake, kuna ruhusa ya muwekezaji. Hapa njo wengi wanashituka: lazima kuonyesha dolari 250,000 kwa kampuni mpya, ao 150,000 kama unaingia mu kampuni iliyokuwapo tayari. Mwenye dolari 5,000 hawezi kupita mu mulango huo. Njia nzuri kwake ni kubaki na biashara yake huku Kongo, na kununua ao kuuza na Muzambia mwenye leseni yake mwenyewe, kwa mapatano ya maandishi.

Wamama wa muzigo mudogo wanajua pia utaratibu mwepesi wa COMESA kwa wafanya biashara wadogo. Unasaidia, lakini unaangalia muzigo tu. Unapunguza ushuru wa duane kwa vitu vilivyo kwenye orodha, haukupi haki ya kukaa.

Tanzania: mulango ulibanwa mwaka 2025

Kongo ilisaini kuingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022. Watu wengi walifikiri kwamba toka siku ile kila mutu anaweza kufungua duka Dar es Salaam. Haiko vile.

Mugeni anayetaka kujifanyia biashara Tanzania anaomba kibali cha kukaa cha daraja A. Daraja B ni kwa wale walioajiriwa kazi. Tena, mwezi wa saba 2025, Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri inayokataza wageni kufanya aina 15 za biashara. Ndani yake kuna kuuza kwa jumla na kwa rejareja, isipokuwa supamaketi na maduka makubwa ya pekee. Kuna pia kutuma feza kwa simu, kutengeneza simu, saluni nje ya hoteli, uchimbaji mudogo wa madini, kazi ya kutoa mizigo duane, na kununua mazao shambani.

Mugeni akikamatwa, faini inaanza shilingi milioni 10, ao kifungo mpaka miezi sita, na viza yake inafutwa. Raia anayemupa jina lake ili ajifiche nyuma yake, naye anaazibiwa. Kwa hiyo ile shauri ya «tafuta rafiki, leseni iwe ya jina lake» ni hatari kwenu wawili. Kenya ililalamika juu ya amri hiyo. Lakini kwenda Kariakoo kununua na kurudi na muzigo wako, amri haikatazi.

Hata kwetu ni vile

Tusiwahukumu jirani haraka. Kongo pia, tangu sheria ya tarehe 8 Agosti 1990, biashara ndogo ndogo imewekewa Wakongomani peke yao. Mugeni anayetaka kufanya kazi Likasi anaomba viza ya makao kwa DGM, na kampuni yake inaandikwa kupitia Guichet Unique.

Wale wanaoangalia mbali

Kenya inatoa kibali cha daraja G kwa mwenye dolari 100,000. China inatoa viza M kwa wafanya biashara, na wanaomba barua ya mwaliko kutoka kwa kampuni ya kule. Maonyesho makubwa ya Guangzhou yanafanyika mara mbili kwa mwaka. Dubai, leseni ya kampuni njo inatangulia, kisha ruhusa ya kukaa inafuata.

Mbele ya kuuza kiwanja cha nyumba

– Andika kwenye karatasi: naenda kununua, ao naenda kukaa? Uliza viza ya jambo hilo, usiombe ya utalii.
– Zambia na Tanzania ziko na konsula Lubumbashi. Ulizia pale, haiko kwa komisionere wa mupakani. Bei na masharti vinabadilika.
– Angalia kama pasporti yako ingali na miezi sita, na kadi ya njano ya chanjo usiisahau.
– Wakikugongea muhuri, soma siku walizoandika mbele ya kutoka kwenye dirisha.
– Kila feza unayolipa, omba risiti yenye jina la serikali.

Mama, baba, kijana: safari ya kwenda kuuliza Lubumbashi inakula siku moja na feza ya gari. Kufukuzwa na duka kubaki nyuma kunakula feza ya miaka.