Saa Zilizofichwa Besançon

Mto Doubs ukifika Besançon, mashariki mwa Ufaransa, huuzunguka mji mkongwe karibu pande zote, na upande mmoja ulioachwa wazi mhandisi wa kijeshi Vauban aliuziba kwa ngome yake juu ya kilima. Humo alizaliwa Victor Hugo, mwaka 1802. Hata hivyo, mtajie Besançon Mfaransa wa umri wa makamo, na huenda Hugo asimjie akilini kabisa. Atasema: Lip.

Ufundi wa saa uliletwa na wakimbizi. Mwaka 1793, katikati ya Mapinduzi, Laurent Mégevand na mafundi wenzake walivuka kutoka Uswisi, nao utawala mpya ukawapokea. Mwaka 1867 Emmanuel Lipmann akafungua karakana yake mjini, na jina la ukoo likaja kufupishwa kuwa chapa ya herufi tatu. Mjukuu wake, Fred Lip, alikuwa mtu wa kujaribu mapya: mwaka 1952 alionyesha saa ya mkono ya umeme, ambayo akrabu zake ziliendeshwa na betri. Hakuna tena kutia ufunguo kila asubuhi! Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiwanda kikahamia Palente, pembezoni mwa mji.

Ubunifu haukutosha. Kampuni ya Uswisi, Ébauches, ilianza kununua hisa mwaka 1967, na kufikia 1971 Fred Lip mwenyewe alikuwa ameondoka. Aprili 1973 mkurugenzi akajiuzulu, wakaletwa wasimamizi wa muda.

Tarehe 12 Juni wafanyakazi waliwazuia wasimamizi hao ofisini, na katika mkoba wa mmoja wao wakakuta mpango wa kuwaondoa watu 480. Usiku uleule walibeba saa zipatazo 25,000 na kwenda kuzificha nje ya kiwanda. Wizi? Wao waliziita dhamana ya ajira zao. Siku chache baadaye wakawasha mitambo, wakatundika tangazo: tunatengeneza, tunauza, tunajilipa. Na kweli walijilipa. Watu walikuja Palente kutoka kila pembe ya nchi kununua saa bila kupitia dukani.

Msemaji wao mkuu, Charles Piaget, alikuwa fundi makanika na mwanachama wa chama cha wafanyakazi cha CFDT. Lakini mambo yaliamuliwa na mkutano wa wote, na hapo ndipo naona ukubwa wa Palente: wanawake waliozoea kuinamia vipuri kimya kutwa nzima walisimama na kusema, wakati mwingine dhidi ya wanaume wa chama chao wenyewe.

Agosti 14 askari wa kutuliza ghasia wakakiteka kiwanda. Septemba 29, mvua ikinyesha, watu takriban 100,000 waliandamana katika mji ambao wakazi wake hawakuzidi sana idadi hiyo. Waziri Mkuu Pierre Messmer alitangaza mwezi uliofuata kwamba Lip imekwisha. Alikosea, kwa muda. Januari 1974 mapatano yalitiwa saini mjini Dole, na Claude Neuschwander akaongoza kampuni mpya iliyowarudisha watu kazini kidogo kidogo.

Mwaka 1976 ikafilisika tena. Saa za kwatzi zilikuwa zimeshavuruga soko, ndiyo. Ila Neuschwander alishikilia hadi uzeeni kwamba wakubwa wa serikali na wa viwanda waliamua Lip isipone, isije ikawapa wengine mfano. Mimi nadhani sababu zote mbili zilifanya kazi pamoja. Wafanyakazi walikikalia kiwanda mara ya pili, na kampuni ilipofungwa rasmi mwaka 1977 wakaunda ushirika. Waliuita Les Industries de Palente, yaani Viwanda vya Palente. Soma herufi za mwanzo, ukiruka “de”.

Chapa ilipita mikono kadhaa, na leo saa zenye jina hilo zinaunganishwa tena Besançon, na kampuni nyingine. Piaget alifariki Novemba 2023, akiwa na miaka 95.