Jina Walilolishika Mashabiki: Msondo, Sikinde na Kiswahili cha Jiji la Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Historia ya muziki wa dansi nchini Tanzania imeandikwa kwa kuwafuata watunzi, waimbaji, wapiga magitaa na taasisi zilizowaajiri. Shabiki ametajwa kwa nadra, na anapotajwa huonekana kama sehemu ya umati uliojaza ukumbi. Hali hiyo inashangaza, kwani bendi kongwe za Dar es Salaam zilibadilisha waimbaji, wafadhili na hata majina rasmi, lakini wapenzi wake walibaki.

Mhadhara huu unajadili nafasi ya shabiki katika historia hiyo kwa kutumia mfano wa bendi mbili zenye uhasimu mashuhuri: ile iliyoanza kwa jina la NUTA Jazz, na Mlimani Park Orchestra. Swali la msingi ni la kiisimu. Kwa nini bendi iliyokwisha kubeba majina matatu ya vyama vya wafanyakazi iliishia kuitwa Msondo Ngoma, na kwa nini mpinzani wake hufahamika mitaani kwa jina la Sikinde? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba, katika suala la kutaja jina, mamlaka ya mwisho yalikuwa mikononi mwa mashabiki, na kwamba bila kuwasikiliza wao sehemu kubwa ya Kiswahili cha mjini haiwezi kuelezwa.

2.0 Mizizi ya Ushindani

Ushabiki wa dansi haukuzuka pamoja na gitaa la umeme. Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya vita eneo hilo likawa makazi ya Waafrika waliotoka Uzaramo, Rufiji, Kilwa, Unyamwezi na kwingineko. Katika mazingira hayo ya watu wa asili mbalimbali, swali la "wewe ni wa upande gani?" lilikuwa na uzito mkubwa.

Ngoma ya beni, iliyoanzia katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilitoa jibu la mapema. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika Mashariki, ameonesha jinsi vyama vya Marini na Arinoti vilivyoshindana Dar es Salaam kwa sare, vyeo, nyimbo na ukarimu. Mtu hakuitazama beni tu. Alikuwa wa Marini au wa Arinoti. Miaka ya 1930 ilirithi mgawanyiko wa namna hiyo katika medani nyingine. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Klabu ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na ile inayoitwa Simba, ambayo iliwahi kuitwa Sunderland hadi mwaka 1971, ilianza mwaka 1936. Klabu zote mbili za mpira ziliweka makao yake katika eneo la Kariakoo. Kwa hiyo shabiki wa dansi alizaliwa katika mtaa uliokwisha kuzoea kugawanyika pande mbili bila kuvunja ujirani.

Jambo hili la mwisho linaelezwa vyema na dhana ya utani. Magazeti ya Kiswahili huziita timu hizo "watani wa jadi", na maneno hayohayo yametumika kwa Msondo na Sikinde. Mtani huruhusiwa kukudhihaki hadharani, hata msibani, lakini pia ana wajibu wa kukuzika. Lugha ya ushabiki wa dansi, pamoja na ukali wake wote, ilijengwa juu ya ruhusa hiyo.

3.0 Kutoka Kwao hadi kwa Mwajiri

Msingi wa kwanza wa uaminifu wa shabiki ulikuwa mahali alikotoka. Majina ya bendi yalitangaza jambo hilo waziwazi. Western Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, ilijinasibisha na watu wa magharibi mwa nchi. Kilwa Jazz ilijinasibisha na watu wa kusini mwa pwani. Mgeni aliyefika mjini aliweza kuwapata watu wa kwao kwa kufuata bendi.

Msingi wa pili ulikuja na uhuru. Mwaka 1964 serikali iliunda chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, na mwaka huohuo ikazaliwa NUTA Jazz. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Mfano huo uliigwa na taasisi nyingine: kiwanda cha nguo cha Urafiki, umoja wa vijana wa chama tawala, shirika la bima, jeshi na polisi. Chama cha NUTA kilipogeuzwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi ikawa JUWATA Jazz. Ilipoundwa OTTU mwaka 1991, ikawa OTTU Jazz. Kila badiliko la siasa za wafanyakazi lilibandikwa juu ya ngoma zilezile.

Mlimani Park Orchestra nayo ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, TTTS, kisha ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, mwaka 1983. Ndiyo maana ukumbi wa DDC Kariakoo ukawa mmoja wa nyumba zake.

4.0 Mtindo kama Jina

Sambamba na jina rasmi, kila bendi ilikuwa na mtindo. Neno hili halina budi kufafanuliwa, kwa kuwa kamusi hulieleza kama namna ya kufanya jambo. Katika dansi, mtindo ni mapigo, ni namna ya kucheza, na pia ni jina la pili la bendi. Hudhihirika hasa katika chemko, yaani sehemu ya wimbo ambapo masimulizi hukoma, kasi hupanda, magitaa hujibizana na kiitikio kifupi hurudiwa. Wimbo kamili ulihitaji muda. Santuri za mizunguko 45 zililazimika kuukata vipande viwili, upande wa kwanza na wa pili. Shabiki wa kweli alisubiri upande wa pili, kwa sababu huko ndiko mtindo wake ulikokuwa.

Majina ya mitindo ni hazina kwa mwanaisimu. Mengine ni amri tupu kwa mchezaji: Chakachua ya Urafiki Jazz, au Ogelea Piga Mbizi ya Orchestra Maquis. Kitenzi katika hali ya kuamuru kimegeuzwa nomino bila kuongezewa kiambishi chochote. Umbo hilohilo la chakachua lilisikika tena, likiwa na maana nyingine, katika malalamiko kuhusu mafuta yaliyochanganywa, kisha kuhusu kura wakati wa uchaguzi mkuu wa mwaka 2010.

Msondo na Sikinde ni majina ya aina nyingine. Msondo ni ngoma ndefu inayotumika katika shughuli za jadi, hasa za unyago. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, na mashabiki huongeza sifa yake: "ngoma ya ukae". Ukae ni neno la Kizaramo lenye maana ya nyumbani. Werner Graebner alilitumia kama kichwa cha makala yake katika kitabu cha Mashindano, kilichochapishwa mwaka 2000. Hivyo bendi zilizokuwa na magitaa ya umeme na tarumbeta zilichukua majina kutoka vijiji vinavyolizunguka jiji. Mfanyakazi wa kiwandani au mchuuzi wa Kariakoo, awe Mzaramo au la, alipata "nyumbani" pa kudai mjini.

5.0 Aliyehama na Aliyebaki

Uzito wa mtindo huonekana wanamuziki wanapohama. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa mwimbaji wa NUTA na JUWATA. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa waliojenga Mlimani Park. Mwaka 1985 alikwenda Orchestra Safari Sound, bendi iliyopiga mtindo wa Ndekule, na baadaye akarejea katika bendi yake ya kwanza. Hassan Rehani Bitchuka naye alivuka mpaka huo zaidi ya mara moja. Aliyehama aliacha nyuma vyombo, mshahara na mtindo, kwa kuwa vyote vilikuwa vya bendi. Sauti iliyokuwa Msondo jana ikawa Sikinde leo, na shabiki wa Msondo akaendelea kuwa wa Msondo, hata kama moyoni aliumia.

Ulinganisho na kwingineko unasaidia. Katika roki ya progresivu ya Uingereza, yenye nyimbo ndefu na wapenzi wenye kumbukumbu kali, bendi ya Yes iliyoundwa London mwaka 1968 ilipitiwa na wanamuziki wengi. Mwaka 1989 wanne waliowahi kuwamo walitoa albamu kwa majina yao wenyewe, Anderson Bruford Wakeman Howe, kwa kuwa haki ya jina ilikuwa kwa wenzao. Huko swali la nani ni bendi halisi liliamuliwa na haki ya kumiliki jina. Dar es Salaam haki hiyo ilikuwa ya mwajiri, lakini mwajiri alimiliki jina ambalo mtaa haukulijali sana. Mtu hakusema "twende OTTU". Alisema "twende Msondo". Bendi ilipojitenga na chama na kujitegemea, haikuhitaji kubuni jina. Ilichukua lile ambalo mashabiki walikuwa wakilitunza tangu zamani.

6.0 Sarufi ya Ushabiki

Matumizi hayo yameacha alama katika sarufi. Msondo kama chombo uko katika ngeli ya U-I: msondo umepasuka. Kama bendi, hufuata ngeli ya I-ZI: Msondo imehamia ukumbi mwingine. Kama kundi la watu, huchukua upatanisho wa viumbe hai: Msondo wamerudi. Nomino moja hubeba upatanisho wa aina tatu, na msemaji huchagua kulingana na anachokipenda wakati huo: ala, taasisi au watu. Vivyo hivyo, sifa maarufu ya "Msondo Ngoma, baba ya muziki" inapingana na sarufi sanifu inayodai "baba wa muziki". Hakuna shabiki aliyeisahihisha, na usahihisho wowote ungeua mapigo yake.

Msamiati wa kumtaja shabiki mwenyewe una ngazi zake. Mpenzi hupenda tu. Shabiki huchukua upande na kuutetea. Mkereketwa, neno lililostawi katika siasa za chama, limetokana na kereketa, yaani kuwasha kooni. Huyo ameguswa na kitu kisichomruhusu kunyamaza. Ukumbini hujulikana kwa kutunza: huinuka, hucheza hadi jukwaani na kumpa mwimbaji noti mbele ya macho ya wote. Tendo hilo ni tamko, na wapinzani hulisoma kama tamko.

7.0 Hitimisho

Uaminifu wa shabiki wa Dar es Salaam umepitia misingi mitatu: kwao, mwajiri na mtindo. Miwili ya kwanza ilidhoofika kadiri jiji lilivyochanganya watu na mashirika ya umma yalivyopoteza nguvu. Wa tatu ulidumu kwa sababu ulihifadhiwa katika matamshi ya kila siku ya watu ambao hawakuwa na hati yoyote ya umiliki.

Rekodi za Radio Tanzania zimehifadhi sauti za bendi hizi, ila hazikuhifadhi mabishano ya mashabiki barazani: nani aliimba, fumbo lilimlenga nani, chemko ya mwaka gani ilikuwa bora. Maarifa hayo yamo vichwani mwa wazee wa Kariakoo, Ilala na Magomeni, na kila msiba huyapunguza. Mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada ya utafiti hana haja ya kwenda mbali. Apande daladala hadi Kariakoo, amtafute mzee mmoja wa Msondo na mmoja wa Sikinde, awakalishe pamoja, kisha awaache wataniane huku yeye akiandika.