Muhuri, Mpigo na Kivuli: Istilahi za Makosa ya Sarafu

Walimu wawili wa historia, mmoja wa Iringa na mwenziwe wa Mbeya, wametuletea swali fupi kwa maneno lakini zito kwa maana. Wameonyeshwa sarafu ya hela 20 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, ambayo herufi zake zaonekana kana kwamba zimeandikwa mara mbili. Mchuuzi aliiita “sarafu ya chapa mbili”, na kwa jina hilo akataka bei kubwa. Je, jina hilo ni sahihi? Jambo hili haliwahusu wakusanyaji wa sarafu peke yao. Mfasiri wa maelezo ya makumbusho, na karani aandikaye orodha ya vitu vya urithi, hawana budi kuchagua neno. Na neno likikosewa, kitu cha kawaida huandikwa kuwa adimu.

Kwanza tuondoe neno *kalibu*, ambalo wengine wamelipendekeza. Kalibu humiminiwa madini yaliyoyeyushwa, ilhali sarafu za aina hii hazisubiwi bali hupigwa: kipande cha madini huwekwa kati ya vyuma viwili vigumu, kisha hugandamizwa kwa nguvu. Chuma hicho twakiita *muhuri*. Katika viwanda vikubwa muhuri wenyewe hutiwa picha na *muhuri mama*. Zamani kazi hiyo ilihitaji mgandamizo zaidi ya mmoja, kwa kuwa chuma kilikazana na kuhitaji kupashwa moto tena kabla ya kuendelea. Mgandamizo wa pili usipolingana na wa kwanza, muhuri hupata picha mbili zilizopishana, na kila sarafu itokayo humo huzaliwa na kosa lile lile. Mfano mashuhuri ni senti moja ya Marekani ya mwaka 1955, iliyopigwa Philadelphia. Zaidi ya 20,000 ziliingia mikononi mwa watu.

Wataalamu wa huko wameyapanga makosa haya katika madaraja manane, kwa kufuata jinsi muhuri ulivyopotoka: kwa kuzunguka, kwa kusogea upande, kwa kuinama, na kadhalika. Hata hivyo ubishi haukwisha. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 kiwanda cha Marekani kilianza kutumia mgandamizo mmoja tu, na wengi walidhani kosa hili limezikwa. Halikuzikwa, liliendelea kuonekana, mara nyingi karibu na kitovu cha sarafu, na wataalamu wakaanza kujadiliana upya juu ya chanzo chake. Kwa maoni yetu, udhaifu wa mpango huo ni kwamba hupanga kwa chanzo, nacho chanzo hakionekani; kionekanacho ni alama tu.

Sasa turudi Tabora. Tangu 1904 rupia ya Wajerumani iligawanywa katika hela 100 badala ya pesa 64, na sarafu zilipigwa Berlin na Hamburg. Vita vilipofunga njia ya bahari, karakana ya reli ilipiga mwaka 1916 sarafu za hela 5 na hela 20, pamoja na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Hela 20 hubainishwa kwa taji, kubwa au dogo, na kwa ncha za herufi L katika neno HELLER, zilizopinda au zilizochongoka. Tofauti hizo zatokana na kuwapo kwa mihuri mbalimbali, wala si kosa la muhuri mmoja. Tabora ilipotwaliwa na Wabelgiji Septemba 1916, jeshi la Wahle lilielekea Iringa, likapigana Ngominyi na Malangali. Huenda baadhi ya sarafu zilisafiri katika mifuko ya askari hao. Neno *hela*, kwa hakika, lilisafiri mbali zaidi, na leo lataja fedha yoyote.

Muhuri uliochongwa kwa mkono, bila muhuri mama, hauwezi kupata kosa la namna ya mwaka 1955. Tunawashauri walimu wetu watazame kwa kioo cha kukuzia. Ikiwa herufi ya pili ni bapa, ya chini, kama kidaraja kilichomegwa ubavuni mwa ile ya kwanza, basi muhuri ulitikisika wakati wa kupiga: hicho twakiita *kivuli cha mpigo*, nacho hakiongezi thamani yoyote ya maana. Sarafu iliyogandamizwa tena baada ya kusogea ina *mpigo wa pili*. Kosa la muhuri wenyewe hutambulika kwa herufi mbili zilizojaa, zenye mpasuko katika ncha zake, na tena lazima lirudie katika sarafu nyingine ya muhuri huo huo.

Kosa hili la mwisho tuliite nini? *Muhuri rudufu* ni jina fupi, lakini maofisini kurudufu ni kutoa nakala, na msomaji atadhani pana muhuri wa akiba. *Muhuri pacha* wadokeza mihuri miwili. Twapendekeza *muhuri wa alama maradufu*, ingawa ni refu, kwa kuwa laonyesha kwamba muhuri ni mmoja na alama ndizo mbili. “Chapa mbili” ya mchuuzi yachanganya mambo yote matatu, na isiandikwe katika orodha yoyote. Majina ya yale madaraja manane tumeyaacha kwa sasa. Tutayapokea mapendekezo ya wasomaji.