Akiba Isiyowekwa Ghalani

Neno akiba lina historia ndefu katika Kiswahili, nayo ni historia ya ghala na kibubu: kitu huwekwa kando leo ili kitumike kesho. Mafundi wa gridi walipolichukua, walilipa kazi nyingine kabisa. Umeme, kwa sehemu kubwa, hutumiwa papo hapo unapozalishwa. Mashine za karakana za Chang'ombe zikiwashwa asubuhi kwa pamoja, mitambo huelemewa, na mwendo wake huanza kushuka chini ya mizunguko 50 kwa sekunde. Ili kuurudisha, hapana budi pawepo mtambo uliokuwa ukizunguka chini ya uwezo wake, ukingoja. Kungoja huko ndiko "akiba", nako kuna gharama hata kama mtambo haukuitwa.

Biashara ya kwanza ya umeme baina ya majirani haikuhitaji istilahi hiyo. Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954, na kuanzia 1958 Uganda ikaiuzia Kenya umeme. Palikuwa na muuzaji na mnunuzi. Maneno ya sokoni yalitosha.

Hali ilibadilika nchi zilipoanza kuungana. Jumuiya ya umeme ya Mashariki mwa Afrika, EAPP, iliundwa mwaka 2005. Njia ya Ethiopia na Kenya ilianza kazi mwaka 2022. Ya Kenya na Tanzania, yenye kilovolti 400, ikawashwa Desemba 2024. Waliounganishwa hivyo hushiriki neema na balaa pia. Tarehe 6 Septemba 2024 njia ya kutoka Loiyangalani ilikatika nchini Kenya ikiwa imebeba megawati 288. Mara njia ya Ethiopia nayo ikatoka, na megawati 200 zaidi zikapotea. Sehemu kubwa ya Kenya ikaingia gizani. Jirani aliyetarajiwa kusaidia alikuwa sehemu ya upungufu.

Basi nani angoje, kwa niaba ya nani, na kwa malipo gani? Barani Ulaya, tangu mwaka 2022, waendeshaji wa gridi hupeleka zabuni za umeme wa kusawazisha katika orodha ya pamoja, na zabuni nafuu huitwa kwanza mradi njia za mpakani zina nafasi. Mashariki mwa Afrika haijafika huko, lakini mikataba itakayotufikisha itahitaji mfasiri.

Hapo ndipo tunapoona hatari. Mwaka 2025, ilipoelezwa kwamba mikoa ya kaskazini ingeletewa umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, wengi waliuliza kwa nini tununue ilhali bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Swali lilikuwa la haki, ila lilihusu ziada. Ziada ni uwezo unaozidi mahitaji. Akiba ni sehemu ya uwezo iliyoahidiwa na isiyoruhusiwa kuuzwa kwingine. Wala "umeme wa dharura" haufai: tangu ukame wa 2006 umma huusikia kama mitambo ya kukodi.

Kwa maoni yetu, "nguvu tayari" ni bora kuliko "umeme wa akiba". Fundi wa Chang'ombe asemaye jenereta iko stendibai ameshalielewa jambo lenyewe. Istilahi hiyo humwezesha mwandishi wa mkataba kutenganisha malipo ya utayari na malipo ya umeme uliotolewa, vifungu viwili ambavyo neno akiba huvichanganya, na mkaguzi wa hesabu akauliza kwa nini Serikali ililipia megawati ambazo mita haikuzisoma.