Umeme wa Iramba: Maji, Makaa ya Mawe na Upepo Usiovunwa

Uingereza ilifungua kituo chake cha kwanza cha kuzalisha umeme wa makaa ya mawe jijini London mwaka 1882 na kukifunga cha mwisho mwaka 2024, na mwendo huo, unaotoka kwenye makaa kuelekea upepo na jua, ndio unaochukuliwa mara nyingi kuwa historia ya umeme duniani kote. Kinampanda, kata ya wilaya ya Iramba mkoani Singida yenye chuo cha ualimu, haikupitia njia hiyo, kwa kuwa nchini Tanzania makaa ya mawe hayakuwahi kutawala hata yahitaji kuondolewa.

Umeme uliingia Dar es Salaam mwaka 1908, Wajerumani walipouhitaji kwa karakana za reli na kwa mji wao, na katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, maporomoko ya mto Pangani yakaanza kuzalisha nguvu kwa ajili ya Tanga na mashamba ya mkonge. Baada ya uhuru yalifuata mabwawa ya Hale mwaka 1964, Kidatu mwaka 1975 na Mtera mwaka 1988, hivyo umeme wa maji, yaani ule unaopatikana maji yanapozungusha mitambo, ukawa uti wa mgongo wa gridi ya taifa. Makaa ya mawe, ambayo yako kwa wingi kusini mwa nchi, yalipewa nafasi finyu: mgodi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China, ulikuwa na mtambo wa megawati 6, ilhali Kidatu peke yake ina megawati 204.

Iramba ilikuwa mbali na mito hiyo yote. Katika miaka ya 1980 ilijengwa njia ya kilovolti 220 kutoka Iringa kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga hadi Mwanza, lakini umeme wa msongo mkubwa namna hiyo hauwezi kuingia nyumbani mpaka upozwe, maana yake upunguzwe nguvu kwenye kituo maalumu na kusambazwa kwa nyaya ndogo, na kazi hiyo ya usambazaji vijijini ilipata chombo chake, Wakala wa Nishati Vijijini, kwa sheria ya mwaka 2005 tu. Wakati huo wote vijiji vya mkoa viliangaziwa na koroboi, vikapika kwa kuni na mkaa, na kusaga nafaka kwa mashine za dizeli.

Utegemezi wa maji nao ulikuwa na gharama yake. Ukame wa miaka ya 1990, kisha ule wa 2006, ulishusha kina cha mabwawa na kuleta mgao wa umeme, na serikali ikageukia gesi ya Songo Songo, iliyoanza kuendesha mitambo ya Ubungo mwaka 2004. Mpito wa Tanzania kwa hiyo ulikwenda kinyume na ule wa Ulaya, kutoka chanzo jadidifu, yaani kisichokwisha kwa kutumiwa, kuelekea kile kinachochimbwa ardhini. Singida, mkoa wenye upepo mkali, ilipangiwa mashamba ya upepo ya megawati 50 na 100 katika muongo wa 2010, lakini muongo huo ukapita pasipo kujengwa hata moja, na shamba la kwanza la upepo nchini likaanza Mufindi mwaka 2020.

Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeirudisha nchi kwenye maji kuanzia mwaka 2024, mwaka uleule serikali ilipotangaza lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo hilo ndilo linalogusa historia halisi ya Iramba, kwa sababu huku makaa yanayopaswa kuachwa ni yale ya mkaa na kuni, ambayo moshi wake huvutwa na akina mama jikoni na ambayo miti yake hukatwa katika ardhi kame. Mpito utakuwa umetimia Kinampanda pale mwenye kipato kidogo atakapomudu kupikia umeme, na upepo wa Singida ukipata mtaji unaostahili, umeme huo unaweza kuzalishwa mkoani humohumo.